Mbegu ya Kahawa Haingoji

Desemba ya mwaka juzi, mteja mmoja wa Uingereza alinilipa dola 14 nimwandikie maneno 2000 kuhusu vichaka vya bustani: vile vinavyobaki kijani mwaka mzima, vinavyotoa maua ya kunukia, na jinsi ya kuviotesha kwa mbegu. Niliyaandika usiku mmoja, Kahawa Wendani, ndani ya bedsita isiyo na bustani wala friji, yenye dirisha linalotazama ukuta wa ploti jirani. Niliwaeleza Waingereza kuhusu Sarcococca, ambayo huchanua katikati ya baridi yao na kunukia kama asali. Niliwaambia kuna mbegu za kwao ambazo lazima zilazwe kwenye friji wiki kadhaa, ndani ya mchanga wenye unyevu, ili zidhani msimu wa baridi umekuja na kupita. Nilitoa ushauri kwa sauti ya mama mzee mwenye glavu na kofia pana. Sijawahi kunusa hata ua moja kati ya hayo.

Nilipofika kwenye gardenia, nilikuwa natafuta sentensi moja tu ya kujaza aya. Nikasoma kwamba gardenia iko katika familia ya Rubiaceae, pamoja na kahawa.

Nikaacha kuandika. Kahawa? Nikahesabu kwa vidole. Kichaka, ndiyo. Kijani mwaka mzima, ndiyo. Maua meupe yanayonukia kama asumini, ndiyo. Huoteshwa kwa mbegu, ndiyo. Kumbe nimekulia ndani ya bustani ya kunukia na hakuna aliyewahi kuniambia ni bustani. Kwetu kahawa ni karo.

Kwetu ni Murang'a, kwenye mteremko unaoshuka hadi mtoni. Miti ya shosho ni ya aina ya SL28, iliyoteuliwa na watafiti wa Scott Laboratories kule Kabete katika miaka ya 1930. Wakati huo Mwafrika wa kwetu hakuruhusiwa kuipanda. Kahawa ilikuwa ya mzungu; wetu walikuwa wa kuichuma tu. Kibali kilipofika mashambani mwetu katika miaka ya 1950, baba mkwe wa shosho alikuwa kati ya waliokimbilia miche. Shosho alipoolewa aliikuta imekomaa. Ameipogoa, ameinyunyizia dawa ya kutu na ya kuoza kwa matunda, ameibeba mgongoni hadi kiwandani akiwa mjamzito. Baadhi ya visiki vile vina umri kumzidi baba yangu.

Mimi ndiye mtoto wa kwanza wa kike wa mwanawe, kwa hivyo jina lake ni langu. Wale mnaotoka kwetu mnajua maana yake. Hakuniita kwa jina hata siku moja. Ananiita wajina. Nikifaulu, anasema yeye ndiye amefaulu. Nilipoitwa chuo kikuu, alizunguka kijiji kizima akisema, "Mwaka huu naenda kusoma Nairobi."

Sasa wacha niseme lile ambalo sikuwa nimelisema.

Niliacha chuo mwaka wa tatu. Sikufukuzwa, na hakuna mtu wa kumlaumu. Nilikuwa nikiandika kazi za darasa za wanafunzi wa ng'ambo, ile biashara ambayo kila aliyeishi karibu na chuo anaijua. Usiku nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi Marekani, wa sheria Australia, wa historia Kanada. Asubuhi nilikuwa nimelala wakati wenzangu wakifanya mtihani wa takwimu. Nilikosa mtihani mmoja, kisha mitatu. Niliomba kuahirisha mwaka, na ule mwaka haukuisha. Nimewasaidia watu wangapi kupata digrii, sijui. Yangu ilinishinda. Kisha kompyuta zikajifunza kuandika zenyewe, wateja wakapotea mmoja mmoja, nikabaki na makala za bustani kwa dola 14.

Hilo la kuacha chuo ningeweza kulieleza. Watu huacha. Lisiloelezeka ni hili: mara mbili baada ya mimi kuacha, shosho alituma karo kwa M-Pesa. Shilingi 18,000 kila mara, zilizotoka kwa malipo ya kahawa. Mara mbili nilipokea. Nililipa kodi ya nyumba, nikanunua gesi, nikamtumia ujumbe: "Asante shosho, Mungu akubariki. Masomo yanaendelea vizuri."

Krismasi hiyo nilirudi nyumbani na ile makala ya vichaka bado ikinizunguka kichwani. Mavuno makubwa yalikuwa yakielekea ukingoni. Nilimwambia shosho nataka mbegu.

"Za nini?"

"Nataka kuotesha kahawa Nairobi."

Alicheka hadi akashika kiuno. Mjini nitaipanda wapi, kwenye ngazi? Lakini alinipeleka. Nilinyoosha mkono kwenye mti wa kwanza niliouona umejaa matunda mekundu, akanivuta. "Si huo." Ule ulikuwa Ruiru 11, alioupata miaka ya nyuma baada ya magonjwa kumsumbua. Ruiru 11 ilitolewa kwa wakulima mwaka 1985, na ni mti mzuri: mfupi, unavumilia magonjwa. Ila ni chotara. Mbegu yake halisi hutengenezwa na watafiti kwa kuchavusha maua kwa mkono. Ukiokota tu tunda shambani ukalipanda, mtoto anaweza asifanane na mama. SL28 haina neno, kwa sababu kahawa ya arabika kwa kawaida hujichavusha yenyewe. Shosho hakulieleza hivyo. Alisema tu, "Huu wa zamani huzaa wa kufanana nao."

Nilichuma matunda kama 20 yaliyoiva sawasawa. Kila tunda lina punje mbili, zimekutana kwa upande bapa kama viganja vya mtu anayeomba. Niliyaminya, nikaziosha punje hadi utelezi ukaisha, nikazianika kivulini juu ya gazeti. Ganda la ndani hubaki, jembamba, la rangi ya karatasi kuukuu. Usilitoe kwa nguvu ukaijeruhi mbegu. Nikaziweka kwenye bahasha ya kaki na kurudi Wendani.

Hapo ndipo nilipofanya kosa. Niliiweka bahasha kwenye droo nikasema nitapanda nikishahama. Nilitaka kwanza nyumba yenye roshani. Kisha nikasema kwanza nipate kazi ya maana. Kwanza nilipe deni. Kwanza nirudi chuo, nimalize, halafu shosho hatahitaji kujua kitu. Mtu hapandi akiwa kwenye matope, si ndiyo? Unajipanga kwanza.

Agosti nikachoka kujipanga, nikazipanda punje zote 40. Nikamwagilia kila baada ya siku moja. Wiki 6 zikapita, nikasema kahawa huchelewa. Wiki 8, nikasema baridi ya Agosti. Wiki ya 10 nikachimba. Nyingine zilikuwa zimeoza. Nyingine zilikuwa nzima kabisa kwa macho, safi, ngumu. Nilipozikata kwa wembe, ndani zilikuwa zimegeuka hudhurungi.

Nikasoma tena, safari hii si kwa ajili ya mteja. Mahindi na maharagwe unaweza kuyakausha kabisa, ukayahifadhi hadi msimu mwingine, hata zaidi. Mbegu ya kahawa si hivyo. Ukiikausha kupita kiasi, inakufa. Ukiiweka tu nyumbani bila kuitunza kitaalamu, inapoteza nguvu polepole, na baada ya miezi kama 6 inayobaki hai ni kidogo sana. Haikuonyeshi chochote. Inaendelea kuonekana mbegu. Yangu ilikuwa imekaa miezi 8 ikingoja nijipange.

Nilikaa kitandani na wembe mkononi nikielewa kwamba hii haikuwa habari ya kahawa peke yake. Ule ukweli wangu pia ulikuwa kwenye droo. Kila mwezi nilijiambia nikishajipanga nitamwambia. Na shosho alikuwa ameanza kuuliza tarehe.

Novemba nikarudi Murang'a, nikachuma mengine. Shosho hakuuliza yale ya kwanza yalienda wapi. Safari hii nilifanya kila kitu wiki hiyo hiyo. Nilitia punje 60 ndani ya sufuria ya maji. Nane zilielea, nikazitupa. Inayoelea mara nyingi ni tupu ndani. Keriteka alinipa mtungi wa lita 20 uliopasuka. Nikaukata kwa urefu, nikautoboa chini, nikaujaza mchanga wa mto niliouomba kwenye mjengo wa jirani na kuuosha mara nne hadi maji yakatoka safi. Mbegu hukaa upande bapa ukitazama chini, kina cha kama sentimita 1, halafu unafunika kwa gunia ili unyevu usipotee. Nikaupandisha mtungi hadi juu kwenye paa, pembeni ya kamba za nguo, mahali ambapo tangi la maji hutoa kivuli.

Wendani maji huja siku inayotaka yenyewe. Kuna wiki nilioga kwa nusu ndoo ili mchanga upate nusu nyingine. Majirani waliokuja kuanika nguo waliuliza napanda nini. Nilipowaambia, wote walifanya mzaha uleule: kahawa ndani ya Kahawa. Na ni kweli, mtaa wetu unaitwa Kahawa Wendani, juu kuna Kahawa West, ng'ambo ya barabara ya Thika kuna Kahawa Sukari, na katikati ya maghorofa yetu sijaona hata mti mmoja wa kahawa.

Siku ya 58 niliinua kona ya gunia nikaona shingo. Kitu cheupe kimejipinda, kichwa bado kimezama mchangani, kama mtu anayejisukuma kutoka chini ya kitanda. Nilipiga kelele peke yangu huko juu. Wiki hiyo zikatoka 9, wiki iliyofuata nyingi zaidi, mwishowe 41. Baadaye zikasimama wima, kila moja imebeba punje yake kichwani na ganda lake. Hatua hiyo watu wa vitalu huiita askari, na ukiiona utajua kwa nini: gwaride la vijana waliovaa kofia za chuma. Baadaye kofia inapasuka na majani mawili ya mviringo yanafunguka. Hapo inaitwa kipepeo.

Kipepeo ndiye anayehamishwa. Nilikuwa nimekusanya pakiti za maziwa kutoka kwa mama wa chai pale steji, nikazitoboa, nikazijaza udongo, samadi na mchanga. Shimo la mche hulitoboi juu juu. Kahawa ina mzizi mkuu mmoja unaoshuka moja kwa moja, na ukiusukuma kwenye shimo fupi utapinda. Ukishapinda umepinda. Mti utaishi mwaka, hata miaka, ukiwa na majani, halafu ukame wa kwanza wa maana utauonyesha ni nani. Nilitumia penseli. Zilihama 34. Nyingine zilikufa, mbili ziliangushwa na shuka la mtu.

Mvua za Machi zilinyesha. Pasaka nikapanga miche 30 ndani ya katoni mbili, nikaingia matatu ya Murang'a. Makanga alitaka kuziweka kwenye buti. Nikalipia kiti cha pili.

Kahawa huchanua baada ya mvua inayovunja kiangazi. Vijichipukizi hukaa vimelala wakati wa jua, mvua inavishtua, na kama siku 10 hivi baadaye shamba zima linafunguka kwa pamoja. Maua hudumu siku mbili tatu tu. Sikuwa nimepanga, lakini nilifika siku hizo. Matawi yote yalikuwa meupe, kama mtu ameyavisha soksi. Harufu ilinipokea kabla sijaifikia lango. Nikiwa mtoto harufu hii ilimaanisha tu kwamba hatutaruhusiwa kucheza shambani, tusije tukaangusha maua, maana kila ua ni tunda na kila tunda ni shilingi.

Shosho alikuwa ameketi nje akichambua mboga. Nikaweka katoni chini. Alichukua pakiti moja, akaigeuza, akaiangalia kwa jicho la mtu anayenunua kuku. "Umeotesha wewe?"

"Mimi."

"Zote?"

"Zote, shosho."

Alifurahi jinsi sijawahi kumwona akifurahi. Na nikajua nikila chakula chake kwanza, sitasema. Nikajua nikingoja kesho, nitangoja Julai. Kwa hivyo nikasema pale pale, nimesimama. Nikasema niliacha chuo. Nikasema lini. Nikasema zile pesa za mara mbili nilizipokea nikiwa nimeshaacha.

Aliendelea kuchambua mboga. Kisha akauliza, "Zilikuwa ngapi zote?"

"Elfu thelathini na sita."

Akatazama shambani, akanyoosha kisu. "Ile safu yote, kutoka pale kwa mparachichi hadi chini. Mwaka mzima."

Sikuwa nimewahi kuziona hivyo. Kwangu zilikuwa nambari kwenye simu. Sasa zilikuwa safu ya miti, kila tawi jeupe, inashuka hadi mtoni.

"Nilishanunua kitambaa," akasema. "Cha kuvaa siku yako."

Hakusema kingine jioni hiyo. Si kwamba aligomba. Angegomba ingekuwa afadhali. Aliniwekea chakula, akaomba, akalala. Mimi nililala na harufu ya maua ikiingia dirishani usiku kucha, na wacha nikuambie, sijawahi kuchukia kitu kizuri namna ile.

Asubuhi nilimkuta ameketi kwenye kigoda katikati ya miche yangu. Alikuwa ameipanga kwa mistari. Alishika mmoja, akafungua pakiti kwa kidole, akatikisa udongo. Mzizi ulikuwa umejikunja kama ndoano. Akautupa kwa mbuzi. Akachunguza mingine miwili mitatu iliyomtia shaka, akatupa mmoja zaidi. "Hii 28 ni mizuri," akasema. Hiyo ndiyo sentensi ya kwanza aliyoniambia.

Kisha akaeleza kitakachofanyika. Miche itakaa chini ya kivuli cha mgomba hadi iwe na jozi kadhaa za majani. Itazoeshwa jua kidogo kidogo. Itaingia shambani mvua za Machi mwakani, si kabla. Mashimo huchimbwa miezi mapema, futi mbili kwenda chini na futi mbili kila upande, udongo wa juu uwekwe kando usichanganyike na wa chini, halafu utiwe samadi. Yeye mgongo wake hauchimbi tena.

"Utakuja uyachimbe," akasema. "Ishirini na nane."

"Nitakuja."

"Na zile pesa utalipa."

"Nitalipa, shosho."

"Si kwangu. Wewe ni mimi, nitajilipaje mwenyewe? Utamlipia karo yule mdogo wa shangazi yako, yuko kidato cha pili." Akasimama, akapangusa magoti. "Na usimwandikie mtu mwingine mtihani."

Hiyo ya mwisho nilishangaa aliijua vipi, maana sikuwa nimeisema. Sikuuliza.

Tangu hapo nimeshatuma shilingi 11,500 kwa shule ya binamu yangu, kidogo kidogo, kutoka kwa makala. Bado naandika za bustani. Juzi mteja alitaka kujua jinsi ya kuotesha gardenia kwa mbegu. Nikamwambia msomaji apande mbegu mbichi, asiziweke akingoja chemchemi itulie, na awe tayari kukaa miaka miwili au mitatu kabla ya ua la kwanza. Kahawa ni hivyo hivyo. Yangu haitachanua leo wala kesho, na ikichanua itakuwa siku mbili tatu tu, na huenda niwe Wendani nikitafuta maji.

Wiki iliyopita shosho alipiga simu. Kati ya miche 28, miwili imeliwa na kuku, kwa hivyo nipunguze mashimo mawili. Halafu akasema fundi amemaliza gauni.

"Gauni gani?"

"La kile kitambaa."

Nikanyamaza. Nikamuuliza atalivaa wapi.

"Kanisani, wajina. Kwani nikiweke hadi kiliwe na nondo?"